Zamu ya Kukaa na Bi Klara

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, nilipomkimbia mtu aliyekuwa ananipenda. Nilikuwa na miaka thelathini, mgeni Birmingham, kila asubuhi napanda basi kutoka Handsworth kwenda kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee wa Kiyahudi. Usinicheke. Woga wa maiti nilitoka nao nyumbani Kenya, ambako tulipokuwa watoto hatukuruhusiwa hata kupita karibu na chumba alimolazwa marehemu.

Kati ya wazee wale alikuwepo Bi Klara. Alikuja Uingereza msichana, peke yake, kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, akamwacha mama yake Ujerumani. Vita vikamchukua mama. Hakuna aliyejua alifia wapi. Kwa hiyo Bi Klara aliogopa jambo moja tu, na alinieleza siku moja nikimkata kucha. Kwao maiti haiachwi peke yake mpaka izikwe. Mtu hukaa nayo akisoma Zaburi.

"Mama hakuwa na wa kukaa naye," aliniambia. "Nikifa, usitoke mpaka wenzangu waje. Niahidi."

Nikaahidi upesi, jinsi tunavyowaahidi wazee, ili nimalize kucha.

Akafa Jumamosi mchana. Hiyo ndiyo Sabato yao, na wale wanawake wawili waliopangiwa kuja kukaa naye hawapandi gari mpaka giza liingie. Daktari alikuja, akaandika, akaondoka. Nikabaki mimi na Bi Klara chini ya shuka.

Nilikaa dakika kumi. Bomba la joto likalia ukutani, nami nikaona shuka imesogea. Haikusogea, leo najua, lakini miguu yangu haikungoja. Nikajikuta chumba cha kufulia. Mwenzangu Achieng' akanikuta huko.

"Wewe, si uko na Klara?"

"Siwezi. Naogopa."

"Basi si uambie in-charge wa zamu atume mtu mwingine? Usikae tu hapa unafold mataulo."

Nikamwambia narudi sasa hivi. Sikurudi. Nilikunja mataulo mpaka giza likaingia.

Wale wanawake walipofika, nikapanda ngazi mbio ili wanikute chumbani. Kwenye kiti changu alikuwa amekaa Bwana Hugo, mzee wa chumba cha pili, mwenye miguu iliyovimba. Alikuwa ameniona nikitoka, akajikokota na mkongojo wake, akakaa na kusoma Zaburi muda wote huo. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Mwanamke mmoja akaniuliza kama Bi Klara aliachwa peke yake.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwepo."

Bwana Hugo alinitazama, akafunga kitabu. Nikamshika mkono kumrudisha chumbani kwake.

"Na mimi naogopa maiti," alisema. "Tangu utotoni. Lakini nimeogopa zaidi uliposema ulikuwepo. Tumebaki wachache hapa. Siku yangu ikifika, huenda zamu ikawa yako."

Tangu siku ile aliomba mlango wake uachwe wazi, na kila nilipoingia aliniangalia kwa wasiwasi mpaka nitoke. Kuogopwa na mzee unayemlisha kwa kijiko, mwanangu, ni jambo baya sana. Alipofariki, tukaambiwa ameacha maneno ofisini: yeyote akae naye, ila si mimi.

Sasa mzee ni mimi, hapa Hodge Hill, Birmingham ile ile. Wanangu wa kuzaa nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza, na ninapowaomba jambo wananiahidi haraka haraka. Naogopa, maana najua ahadi ya aina hiyo inatoka wapi.

Wewe unayeanza kazi hii ya kutunza wazee, usimwahidi mzee ili umnyamazishe. Muulize anaogopa nini, umsikilize mpaka amalize, kisha ujipime. Ukishindwa, sema mapema, mwingine apate kukaa. Kuogopa utaogopa tu. Usifiche, na usiseme ulikuwepo kama hukuwepo.

Mungu akupe moyo wa kukaa na watu mpaka mwisho wao, na siku moyo huo ukikukimbia, akupe ulimi wa kusema kweli. Na zamu yako ya kulala chini ya shuka ikifika, mwanangu, akuletee mtu usiyemwogopa.