Wa Mstari wa Nyuma

Mpiga picha wa Kibirizi hapigi picha ya familia upesi. Hubana kwanza tundu la lenzi, kisha huwasogeza watu bega kwa bega katika mstari mmoja, hata wakimtania, "Fundi, unatupanga kama dagaa!" Hacheki. Zamani alikuwa akilifungua sana tundu hilo, vichanja vya samaki vififie kule nyuma, picha ipendeze. Basi siku moja nimekaa kwake, akaja Mama Winfrida na picha ya familia yao aliyoipiga fundi enzi hizo. "Mwanangu, mkuze huyu Elikana, tumweke juu ya jeneza. Sina nyingine." Waliokaa mbele walionekana hadi kope, lakini Elikana, aliyesimama nyuma yao, alikuwa ukungu. Fundi akanong'ona, "Mama, nikimkuza atazidi kupotea." Mama akaipangusa picha kwa kitenge chake, akaipangusa tena, akidhani ni vumbi.