Maji ya Kuoga, Maji ya Kunywa

Nilianza kupenda magonjwa ya kuambukiza kwa sababu ya karanga. Mama mmoja wa soko la Kikula alizifunga katika kurasa za kitabu cha udaktari cha Kifaransa, nami nikanunua karanga mpaka nikakamilisha sura ya kipindupindu, isipokuwa ukurasa wa matibabu, ambao mteja mwingine alikwenda nao. Kwa miaka kadhaa nilijua njia zote za kuambukizwa, na sikujua hata moja ya kupona.

Niliuza vipuri vya pikipiki na kujaza madaftari habari za magonjwa. Kipindupindu kilipofika kweli, muuguzi wa kituo chetu cha afya alinituma nyumba kwa nyumba. Klorini ya wiki ile ilitosha avenyu moja tu, yaani mtaa mmoja, akataka kujua wapi watu hawachemshi maji. Ulikuwa utafiti wangu wa kwanza. Nilivaa tai.

Swali lilikuwa fupi: "Munachemshaka maji?" Avenyu yetu yote ilijibu ndiyo, kila asubuhi. Niliisifu kwa maandishi, na klorini ikapangiwa avenyu ya pili.

Kesho yake nilimkuta jirani yangu, muuza maandazi, akichota maji kwenye bidoni, dumu lake la plastiki, na kuyanywa.

"Mama, si ulisema unachemshaka?"

"Ninachemshaka. Ya kuoga. Ni mwezi wa saba, papa. Weye unaogaka na ya baridi?"

"Na ya kunywa?"

"Ya kunywa ni ya nini kuchemsha? Hapa hakuna mugonjwa."

"Bado."

"Shindwa," akasema, kwa sauti anayotumia kanisani kufukuza pepo.

Nyumba nne zilizofuata zilinijibu hivyohivyo. Tulikuwa avenyu safi sana, kwa nje. Nilifika kituoni klorini ikifungwa kwenye pikipiki, nikamwambia muuguzi kwamba karatasi yangu ni uongo.

"Uliwauliza nini?"

"Kama wanachemsha maji."

"Ata maji ya bukari banachemshaka, professeur."

Kila nyumba hupika bukari, ugali wetu. Dereva alicheka mpaka akazima injini. Muuguzi akagawanya klorini nusu kwa nusu, uamuzi ambao haukumfurahisha mtu wa avenyu yoyote, kisha akanirudisha kazini. Nilianza kwa muuza maandazi. Safari hii sikumuuliza kitu. Nilimwomba maji ya kunywa, nikatazama anayatoa wapi.