Begi jepesi la safari ya Namugongo, na uongo niliomwambia mama

Wakuu, habari za leo. Mimi ni msomaji tu humu, huwa siandiki.

Leo nimeona mtu ameuliza begi gani ni jepesi na la starehe kwa kutembea mbali, na majibu yote ni gramu, gramu, gramu. Nimeshindwa kunyamaza. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na kuna sehemu sijawahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Mimi ni Mteso wa Chakol, karibu na mpaka wa Uganda, Mkatoliki. Kwetu kila mwaka, kabla ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, kikundi cha parokia kinavuka mpaka pale Malaba na kutembea kwa miguu hadi Namugongo, walikouawa wengi wao. Ni siku nyingi barabarani. Mnalala makanisani na kwenye madarasa, mnaamka, mnatembea.

Mama yangu alikuwa ameenda mara tatu. Safari ya nne ilikuwa nadhiri. Dada yangu aliugua sana kifua, mama akamwahidi Mungu kwamba akipona atatembea tena. Dada akapona. Halafu kabla mama hajaenda, figo zake zikaanza kusumbua, miguu ikavimba hadi viatu vikakataa kuingia.

Akaniita, akaniambia, "Wewe utatembea hiyo njia kwa niaba yangu. Lakini utembee yote. Ukipanda gari hata kidogo, hiyo si yangu tena."

Nikakubali. Nilikubali haraka sana.

Sasa hapa ndipo ujuaji wangu ulipoingia. Mimi ni mtu wa video. Nilitazama Wazungu wakipanda milima yao na vibegi vya ultralight, vile vyepesi kupita kiasi, nikaelewa kwamba adui ni uzito. Nikakata mpini wa mswaki. Msicheke. Nikatoa hata lebo za mashati.

Nikaenda mitumba Busia, nikapata begi la buluu, kitambaa chembamba kama cha mwavuli. Nililiinua kwa kidole kimoja. Mama muuzaji akaniambia, "Boss, weka kitu nzito ndani, uvae, uzunguke kidogo. Begi tupu haiwezi kukuambia kitu."

Nikamjibu kwamba najua ninachonunua.

Lilikuwa na mkanda mpana wa kiuno, wenye sponji. Nikalipeleka kwa fundi wa cherehani pale sokoni Adungosi, akaukata. Kile kibao cha plastiki cha mgongoni nikakichomoa mwenyewe. Nikajiona mtaalamu kabisa.

Mama aliliona limetundikwa ukutani. Yeye safari zake zote alibeba mzigo kichwani, juu ya kata, kama wanawake wa kwetu wanavyobeba kuni na maji. Akavuta zile kamba za mabegani akasema, "Hii itakukula. Mzigo inataka kukaa kwa mfupa, si kwa nyama." Nikacheka, nikamwambia mambo yamebadilika.

Kumbe wepesi wa begi hauondoi uzito wa vilivyo ndani. Kwenye kikundi chetu kila mtu hubeba blanketi lake, nguo, maji, na sehemu yake ya chakula cha wote. Mimi nilipewa unga na maharagwe. Hivyo vyote sikuwa nimevipima. Nilikuwa nimepima begi tu.

Tororo nilifika nikiimba.

Bugiri shingo ilikuwa imekaza. Nikaweka soksi chini ya kamba, zikawa zinateleza. Tulipofika Iganga ngozi ya mabega ilikuwa imechunika, shati limegandana na vidonda, na mkono wa kushoto umeshikwa na ganzi mpaka vidoleni. Nilishindwa kufunga zipu ya suruali.

Katekista, ambaye ndiye alikuwa kiongozi wetu, akachukua ule unga akawagawia wengine. Maharagwe yangu yakabebwa na mama mmoja mzee kuliko mama yangu, akayaweka kichwani. Niliona aibu, wakuu, acheni tu.

Asubuhi yake niliwaambia watangulie, nitafuata polepole. Wakaondoka. Nikakaa kwenye ngazi za kanisa nikijaribu kuinua ule mkono, ukagoma.

Nikasimamisha boda.

Nilijiambia ni kipande tu, ni kupumzisha mabega. Dereva akasema, "Ssebo, bwana, leta mzigo huku," akaweka begi mbele yake juu ya tangi. Baada ya muda tukawapita watu wangu. Walikuwa katikati ya rozari. Nilivuta kofia ya jaketi nikafunika uso, na bado nilisikia sauti ya yule mama mwenye maharagwe yangu.

Nilishuka karibu na Jinja, nikajificha nyuma ya kibanda cha chapati hadi walipofika jioni, nikajiunga na wale wa mwisho. Wakadhani nimejikaza nikawafikia. Wakanipigia makofi.

Njia iliyobaki niliitembea yote. Namugongo nilifika, nikachota maji ya baraka kama wengine. Kusali sikuweza.

Sasa nisikilizeni. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kusema ukweli. Naapa. Mama alikuwa kitandani, amepungua sana. Kabla sijafungua mdomo akaniambia nivue shati.

Akaona mabega. Akayagusa pembeni ya vidonda, polepole, akaanza kulia. "Eyalama, mwanangu. Asante. Hata mimi singeumia hivi." Halafu akauliza, "Ulitembea yote?"

Nikasema, "Yote, mama."

Tangu siku hiyo kila mgeni aliyekuja kumwona, mama alitaka nivue shati nimwonyeshe. Vile vidonda ndivyo vilivyonipandisha boda, na ndivyo alivyovitumia kama ushahidi. Nilivua mbele ya majirani, mbele ya shangazi zangu, mbele ya padre.

Alikufa mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Kwenye mazishi katekista akatangaza kwamba nadhiri ya marehemu ilitimizwa na mtoto wake. Watu wakasema amina. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kwa hiyo mwenye uzi ule wa gramu, jibu langu ni hili. Jaza begi kwanza, vyote utakavyobeba, ndipo ulivae, utembee saa nzima. Uzito ukae kiunoni. Mkanda usiukate. Na mtu aliyetembea kabla yako akikuambia kitu, msikilize.

Mengine ndiyo yananinyima raha. Wiki iliyopita dada yangu alianza kukohoa tena. Daktari anasema ni homa tu. Lakini yeye ndiye aliyewekewa ile nadhiri, na kila akikohoa mimi nahesabu njia kutoka Iganga hadi Jinja.

Nikienda sasa nikatembea kipande hicho peke yangu, kitahesabika kuwa cha mama? Wanaojua mambo haya waniambie. Hata wa kutukana, karibuni.