Walikotoka Vipepeo

Juzi nikiwa mjini, vipepeo weupe wachache walipita kati ya magorofa, wote wakielekea upande mmoja. Nikakumbuka alasiri moja kwetu Riruta, ploti yetu ya nyumba za kupanga ikinukia sabuni ya mche, vipepeo kama hao wakipita juu ya kamba za nguo bila kikomo.

"Mama, hawa wanakimbia nini?"

"Wanaenda zao. Shika hiyo ndoo."

Sikumwamini. Jirani yetu, Mama Mutua, alitazama juu, akamnong'oneza mama kwa Kikamba, lugha yao ya mambo nisiyotakiwa kusikia. Kisha wote wawili wakaanua nguo mbiombio, bado zikichuruzika maji. Kumbe wanajua kinachokuja! Nikavaa viatu vya shule, nikakaa mlangoni nikichungulia walikotoka vipepeo, tayari kutoroka.

Ikaja mvua, basi.

Siku hizi najua hawakuwa wakikimbia chochote. Walifuata mvua, watafute majani mabichi ya kutagia mayai. Lakini juzi, watu wakiwapiga picha, mimi niligeuka tena kuangalia walikotoka. Nyuma yao kulikuwa na kreni za ujenzi, vumbi, na sisi.