Lione Gari Likiamka

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe pale Kizota, mwanangu, upepo wa Dodoma ukipenya mpaka kwenye meno, na shangazi yangu, Bi Mwanaidi, amekaa uani kwa watu akiwa amejifunika blanketi la mwenyeji, akisubiri gari liamke. Nasema "liamke" kwa sababu ndivyo alivyosema yeye. Shangazi hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Alikuwa mkulima wa Kondoa, mwenye alizeti na mbuzi, na mdomo usiojua kunong'ona. Nakusimulia habari zake kwa sababu juzi ulinionyesha picha za gari kwenye simu, ukaniambia umeshalipenda na unataka kutuma fedha. Nilinyamaza, lakini usidhani nilikubali.

Ilikuwa ile miaka milango ya biashara ilipofunguliwa, watu wakasema sasa ni ruksa. Magari yaliyotumika yakaanza kuingia kutoka Japani na Dubai, na mtumishi wa kawaida, ambaye ndoto yake ilikuwa baiskeli, naye akaanza kuota makubwa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana. Goti langu la kushoto lilivunjika nikiwa msichana, nilipoanguka kutoka juu ya lori la mahindi, likaunga vibaya. Halikunjiki mpaka leo. Shule yangu ilikuwa nje ya mji, upande wa Chimwaga, enzi hizo hakuna chuo kikuu huko, vichaka na vumbi tu. Kila asubuhi walimu wenzangu walinipandisha kwenye lori la shule, wawili wakivuta na mmoja akisukuma. Wengine walifanya kwa upendo, wengine huku wakiguna.

Lori lile lilipokufa kabisa, mkuu wa shule aliniita. Akaniambia kwa upole kwamba kama muhula ujao sina namna ya kufika, ataomba nihamishiwe ofisini mjini, nikapange majalada. Mwanangu, nilipenda kufundisha kuliko nilivyopenda kula. Nililia njia nzima.

Dawa ilikuwa moja tu: gari, tena otomatiki, kwa sababu klachi inataka mguu wa kushoto, na wangu ulishastaafu. Gari la namna hiyo nilijifunza kuliendesha kwa sista mmoja wa misheni. Watu walinicheka. Walisema hayo ni magari ya wavivu, eti betri ikifa hulisukumi likawaka, na giaboksi ikiharibika humpati fundi wa kuigusa. Hawakukosea sana wakati ule, ndiyo maana sikutakiwa kubahatisha. Nilikuwa na akiba ndogo ya mshahara, na shangazi aliuza ng'ombe wake ili aniongezee. Tukikosea, hapakuwa na ng'ombe mwingine.

Basi nikaenda kwa Bwana Yohana, dalali mmoja mcheshi wa Kizota aliyekuwa akiuza magari ya watu uani kwake. Akanionyesha gari jeupe, linang'aa hadi unajiona sura. Vitambaa vya viti vipya, redio kaseti, ndani linanukia manukato. Kila nilipofika nililikuta linanguruma taratibu. "Linakusubiri wewe tu, mwalimu," alikuwa akisema. Nililiendesha, likaenda laini kama maziwa. Nikalipenda, na ukishapenda, macho huwa yamekwenda likizo. Wahenga walishaonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini nani aliyewahi kukumbuka methali siku anayopenda?

Shangazi alipofika na basi la Kondoa tulikwenda moja kwa moja kulitazama. Hakulizunguka. Aliweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mbona lina joto, na sisi ndiyo kwanza tunafika?"

"Nimelipasha kidogo, mama, mwalimu asicheleweshwe," alijibu Bwana Yohana.

"Na jana?" Shangazi alinigeukia mimi. Nikasema jana pia nililikuta linawaka. "Na juzi?" Juzi pia.

Akacheka. "Kwetu posa ikiletwa, tunatuma mtu akalale kwa watu wale, awaone wanavyoamka. Mtu aliyekwisha oga na kupaka mafuta, nani asiyemsifu?"

"Mama, mchagua jembe si mkulima," dalali akamchombeza.

"Na asiyechagua analima kwa kucha, baba. Mimi nimechoka na safari. Leo nalala kwako."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamvuta pembeni, nikamwambia ananiaibisha mbele ya mtu mstaarabu. Akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Aibu ya kuuliza ni ya leo tu," akasema. "Ya kutouliza utaamka nayo kila siku, na utapanga majalada nayo." Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Mgeni hafukuzwi, hasa kwa Wagogo. Mama Elia, mkewe Bwana Yohana, alitupokea kwa mikono miwili, akatupa maji ya kuoga, akasonga ugali wa uwele na kutuwekea mlenda. Tulinawa tukala sahani moja, wao Wakristo na sisi Waislamu. Shangazi akasimulia vituko vya mbuzi wake mpaka dalali akafuta machozi ya kicheko. Habari za gari hakuzigusa hata kidogo.

Alfajiri aliamka kuswali, na alipomaliza akatoka uani, akaketi kwenye kigoda mbele ya gari. Haukupita muda, Bwana Yohana akatoka na funguo mkononi, kimyakimya. Akamkuta.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba, nimeamka salama. Sasa na huyu tumwamshe, wote tukiwepo."

Nikaitwa, nikakaa kwenye usukani. Nilipozungusha ufunguo gari lilikohoa, likatoa moshi wa buluu, kuku wa Mama Elia wakatawanyika. Nikaweka gia ya kwenda mbele, nikaachia breki. Halikwenda. Lilikuwa linanguruma tu, mahali pale pale. Nilishaanza kukata tamaa ndipo liliposhtuka ghafla na kuruka mbele, nusura paji la uso ligonge usukani. Nikajaribu kurudi nyuma, likafanya vilevile.

Bwana Yohana angeweza kusema ni baridi tu, na mimi, Mungu anisamehe, ningemwamini. Alimtazama mkewe, akamtazama shangazi, akainamisha kichwa.

"Mama, giaboksi imechoka. Likishapata moto halionyeshi. Mwenye gari ndiye aliyeniagiza niliwashe kabla mteja hajafika. Jana ningewauzia. Leo mmekula kwangu, siwezi."

Mama Elia aliwakusanya kuku wake akaingia ndani, na naamini maneno yake mumewe aliyapata baadaye.

Asubuhi ile ile Bwana Yohana akatupeleka kwa karani mmoja mstaafu. Gari lake, nalo otomatiki, lilikuwa kijani kilichopauka, mlango mmoja umebonyea, redio hakuna. Lilikuwa baya, tusidanganyane. Lakini tulilikuta baridi, likawaka mara moja, na gia ikashika bila kurusha mtu. Tukachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, tukaikuta nyekundu, haina harufu ya kuungua. Karani mwenyewe alitupeleka kwa fundi aliyekuwa akilihudumia, tukamuuliza bila haraka. Na kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo, zikabaki fedha za matairi na oili mpya.

Siku ya kwanza ya muhula nilifika shuleni kabla ya kengele. Nikazima injini, nikabaki nimekaa. Tangu nianze kazi, ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika shuleni bila mtu kunivuta wala kunisukuma. Nikalia tena, kilio kingine kabisa, kisha nikajifuta nikaingia darasani kufundisha.

Kwa hiyo, mwanangu, picha haitoi moshi wala haishtuki. Usinunue mbuzi kwenye gunia. Nenda mwenyewe, na uende mapema kuliko ulivyoahidi, uliguse kabla hujalisifu. Ukilikuta limepashwa moto, rudi siku nyingine. Liwashe likiwa baridi, uweke gia ya mbele na ya nyuma, uone linavyoitikia. Kisha uliendeshe mpaka lipate moto, maana kuna ugonjwa wa baridi na kuna ugonjwa wa joto. Muulize aliyelitunza, na fundi aliyelishika, na fundi wako mwingine asiyemjua muuzaji. Usimalize fedha zote siku ya kununua. Na nenda na mtu mmoja asiyelipenda gari hilo. Kama huna, nichukue mimi, na blanketi nitabeba langu.

Mungu akujalie chombo kisichokulaza njiani. Akuepushe na ajali, akuepushe na tamaa ya macho. Na siku utakapomwona mtu kando ya barabara asiyeweza kutembea, moyo wako uwe mwepesi kusimama, umpandishe bila kumfanya ajione mzigo. Amina, mwanangu.