Herufi Saba za Mama

Nyinyi mliokulia Downsview, Toronto, nami miaka ile ya tisini hamhitaji kuambiwa Jumamosi zetu zilikuwaje. Wenzetu wa shule walikuwa nyumbani wakitazama katuni. Sisi tumeburutwa kanisani, kwenye ukumbi wa chini uliopakana na ghala la magodoro, ili mama zetu wafanye mazoezi ya kwaya. Viatu vya theluji vilirundikwa mlangoni vikinuka. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwenye korido kwa mpira wa tenisi, tukigombana kwa Kiingereza, mpaka harufu ya mandazi na chai ya tangawizi itutulize.

Kwaya ilikuwa ya Wakenya na Wakongo, na nyimbo zake ziliandikwa nyuma ya kalenda kuukuu kwa herufi tu za do-re-mi: d, r, m, f, s, l, t. Mwandishi alikuwa mama yangu, aliyefundishwa na mwalimu wake wa kwaya kule Kakamega. Mara ngapi alinishika mkono: "Hebu kaa hapa nikufundishe. Ni saba tu." Nami nikamjibu, "Mum, it's boring," nikarudi kwenye mpira.

Ndipo akaja Mwalimu Harlan, Mmarekani mweusi, mrefu, mwenye mvi kichwa kizima. Alianza kwa kupiga piano kanisani kusini mwa Marekani, akaenda New York, akatunga muziki wa michezo ya jukwaani, na akapanga sauti za nyimbo za watu wengine vizuri hivi kwamba wenyewe walisifiwa kwa jasho lake. Toronto alikuja kuongoza okestra ya onyesho moja kwa miezi mitatu. Akaoa nesi aliyefanya kazi na mama kwenye nyumba ya wazee, akabaki.

Mkewe alimleta kutusikiliza. Wimbo wa kwanza haujaisha, tayari amevua koti. Akasema Krismasi tutaimba na okestra yake mjini. Wenye ukumbi wa huko mjini walitaka waimbaji wa kulipwa wanaosoma muziki. Yeye akawaahidi kwamba mama zetu wanasoma, na wakishindwa, nafasi atawaachia hao wa kulipwa.

Akagawa karatasi za muziki, zile za mistari na vidoti. Mama zetu walizipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, na hakuna aliyemwambia kwamba hawazielewi. Wangemvunjaje moyo mgeni? Akipiga piano mara mbili wanashika kwa sikio, naye anaamini. Mpaka Jumamosi ya tatu, alipowasimamisha na kutaka waanzie katikati ya ukurasa wa pili. Kila mtu akaanza pake. Mama alikuwa ameshika karatasi kichwa chini.

Mimi nilisimama mlangoni na mpira wangu, nikimwonea mama aibu, na hilo linaniuma mpaka leo. Yeye aliikunjua kalenda yake. "Mwalimu, kusoma tunasoma," alimwambia. "Lakini tunasoma hizi. Ni saba tu."

Mwalimu Harlan aliiomba ile kalenda, akaondoka nayo. Jumamosi iliyofuata alirudi na sauti zote nne ameziandika upya kwa herufi, kwa penseli, na maneno ya Kiswahili chini yake silabi kwa silabi. Mtu aliyeongoza okestra za New York alimkabidhi mama daftari, akasubiri kando huku mama akisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mwalimu alikuwa amekosea mahali panne. Akakaa chini akaparudia pote bila kununa. Sijakutana tena na mtu mkubwa wa namna ile.

Krismasi mama aliimba peke yake mbele ya okestra nzima, kwaya ikimwitikia. Sisi watoto tulikuwa roshani, tumevalishwa soksi ndefu zinazowasha, na nilitaka kila aliyeketi pale ajue kwamba yule ni mama yangu.

Siku hizi mwanangu hajisumbui. Hupiga picha karatasi ya muziki, simu ikamwimbia, naye akadai amefanya mazoezi. Ningemcheka zaidi kama ningekuwa na haki hiyo. Mwalimu Harlan alishafariki, na mama naye hayupo. Daftari la penseli liko mezani kwangu, alama nyekundu bado zimekoza. Juzi mwanangu alilipiga picha. Simu ikashindwa kulisoma. Akaniuliza wimbo wa bibi unaimbwaje.

Mmarekani mwenye mvi alijifunza kwa wiki moja. Mimi nilikaa na mama nyumba moja miaka ishirini. Nilimwambia mwanangu kwamba sijui. Zilikuwa saba tu.