Pichi Mezani

Kila mwaka, tangu Gitae auawe vitani Vietnam, mama yake, Bunrye, alipika wali na kuchoma samaki, kisha mwanawe mkubwa, Jangsik, akafungua mlango na kumwita marehemu aje ale.

Mwaka huu Jangsik alipoinama mbele ya meza, aliganda. Kati ya sahani palikuwa na pichi, tunda linalofukuza mizimu. Hata mtoto mdogo anajua haliwekwi hapo.

Akamgeukia mkewe. "Unataka mdogo wangu afukuzwe kama mbwa?"

"Si mimi! Naapa!"

"Kumbe limekuja lenyewe kwa miguu?"

Mkewe akaangua kilio. Jangsik akanyoosha mkono alitupe nje.

"Ole wako uliguse," Bunrye alisema. "Nimeliweka mimi."

"Mama! Sasa Gitae ataingiaje?"

"Wanajeshi walituletea boksi limefungwa, eti ndiye yeye, wakanikataza kulifungua. Nyie mkaamini, mkaanza kuita mzimu! Mzimu usikanyage kwangu. Mwanangu akirudi kwa miguu yake, hilo pichi litamfanya nini? Atalila."